Jungu kuu la Kyoto bado lina ukoko? Switch 2 mbele ya Switch ya kwanza, Steam Deck na PlayStation 5

Siku hizi wanaotaka kununua konsoli huniuliza swali moja fupi: Nintendo bado ina jipya? Wanauliza pesa ikiwa tayari mfukoni, kwa hiyo hawataki hadithi ndefu. Lakini siwezi kuwajibu kabla sijajua wao wanaita nini "jipya". Mmoja anamaanisha picha kali kuliko za jana. Mwingine anamaanisha kifaa ambacho hajawahi kukishika. Wa tatu anamaanisha gemu ambayo baada ya dakika kumi inamfanya acheke peke yake chumbani. Watu hao watatu hawapaswi kununua mashine moja.

Niseme mapema ninaposimama. Kama kifaa, Switch 2 ina uthubutu mdogo kuliko karibu kila konsoli ambayo Nintendo imewahi kuitoa. Kama mahali pa kuchezea gemu ambazo hakuna mwingine angezifikiria, sijaona ya kuishinda. Nitailinganisha na wenzake nikianza na ndugu yake wa damu, yaani Switch ya mwaka 2017, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama.

Ubunifu kwa maana ya Kyoto

Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 mjini Kyoto, Fusajiro Yamauchi akitengeneza karata za hanafuda. Miaka 76 baadaye, mwaka 1965, kampuni ikamwajiri kijana aitwaye Gunpei Yokoi atunze mitambo ya kutengenezea karata hizo. Katika muda wake wa mapumziko Yokoi alijiundia mkono wa kurefuka wa kudakia vitu. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumkaripia, akamwagiza autengeneze uuzwe. Mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Shika jina hilo, tutakutana nalo tena.

Yokoi ndiye aliyeiachia kampuni falsafa yake: chukua teknolojia iliyokwisha zoeleka, rahisi na imara, uipeleke mahali ambapo hakuna aliyewahi kuipeleka. Game & Watch za mwaka 1980 zilizaliwa hivyo, kwa vioo na chipu za ukoo mmoja na kikokotoo cha mfukoni. Game Boy ya mwaka 1989 nayo ilikuwa na kioo kisicho na rangi, wakati Atari Lynx na kisha Game Gear ya Sega zilikuja na rangi zao na mwanga wao. Kwenye karatasi Game Boy ilikuwa imeshindwa. Lakini Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa chache tu, huku Game Boy ikienda saa nyingi zaidi kwa betri nne. Game Boy na Game Boy Color kwa pamoja ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Baadaye ikaja kijiti cha dole gumba kwenye Nintendo 64 mwaka 1996, vioo viwili kwenye DS mwaka 2004, kisha Wii mwaka 2006, ambayo ilimtaka mtu aupunge mkono badala ya kubofya vitufe kumi. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101. Iliyofuata, Wii U ya mwaka 2012, iliishia milioni 13 na nusu. Kabla yake Virtual Boy ya mwaka 1995, kazi ya Yokoi huyohuyo, haikufika hata milioni moja.

Nayataja maanguko hayo kwa heshima. Kampuni iliyokuwa ikiuza sana ilikuwa radhi kubadilisha umbo la mashine yake kila baada ya miaka michache, ikijua kwamba pengine watu hawataelewa. Ndiyo maana tulikuwa tukisubiri kila tangazo lake kwa roho juu: hakuna aliyejua kitakachofunuliwa ni kitu gani.

Switch ya kwanza na Switch 2

Switch ilipotoka tarehe 3 Machi 2017, jipya lake lilieleweka kwa sekunde tano. Unacheza kwenye TV, unaichomoa kwenye kitako chake, unaondoka nayo na gemu inaendelea palepale. Unachomoa Joy-Con, yaani pedi ndogo mbili za ubavuni, moja unampa mwenzako. Imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Jina lenyewe linakuambia kila kitu: ni ileile, namba mbili. Kwa kampuni iliyokuwa ikibadilisha jina na umbo kila mara, hilo ni jambo la kusimama nalo kidogo. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na niliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza ndicho nilichokiogopa.

Basi tembo limetiwa maji? Kwa upande wa nguvu, hapana kabisa. Kioo kimetoka inchi 6.2 chenye ukali wa 720p hadi inchi 7.9 chenye 1080p na mwendo wa hadi fremu 120 kwa sekunde. Nafasi ya kuhifadhi imetoka GB 32 hadi GB 256. Ikiwa kwenye TV inaweza kutoa picha ya 4K, na chipu yake ya Nvidia hutumia mbinu ya DLSS kuikuza picha ndogo iwe kubwa bila kuipa mashine mzigo wote. Joy-Con sasa hushikwa kwa sumaku badala ya reli, na ule mlio wa kubandika, "tak", ni raha ndogo ambayo bado sijaichoka.

Ambacho hakikunisisimua kama nilivyotumaini ni vile vilivyoletwa kama mambo mapya. Joy-Con 2 ukiilaza ubavu juu ya meza inageuka kipanya. Inafanya kazi vizuri, hata juu ya paja, na kwa gemu za kulenga shabaha au za mipango kama Civilization VII ni nafuu kubwa. Lakini mpaka sasa gemu zilizojengwa juu ya wazo hilo hasa ni chache. Kitufe cha C kinafungua maongezi na marafiki mkiwa mnacheza, na kamera inanunuliwa kando. Ni kitu kizuri kwa familia na marafiki walio mbalimbali, ila wachezaji wa kompyuta wamekuwa wakizungumza hivyo kwa miaka mingi. Hata ziara ya kukufundisha mashine yenyewe, Welcome Tour, inauzwa. Wii ilipotoka ilifungashwa pamoja na Wii Sports katika nchi nyingi, na gemu ile ndiyo iliyomfanya bibi aelewe mashine kabla ya mjukuu. Hapo Nintendo ya zamani ingekuwa na ukarimu zaidi, na inaniuma kusema hivyo.

Yapo na mengine ya kuangalia kabla hujalipa. Betri ya Switch 2 kwa hesabu ya kampuni ni kati ya saa 2 na saa 6 na nusu. Switch ya kioo cha OLED ya mwaka 2021 inaanzia saa 4 na nusu na kufika 9. Kioo cha Switch 2 ni LCD, na kama macho yako yamezoea weusi wa OLED utaona giza limepauka. Memori kadi ya zamani haihifadhi gemu zake. Inataka microSD Express, ambayo ni ghali zaidi. Na baadhi ya gemu zinazouzwa kwa kadi hazina gemu ndani yake: kadi ni ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua. Asiye na intaneti ya uhakika asome kasha vizuri kabla ya kununua, kwa kuwa limeandikwa.

Kuhusu vijiti kujisogeza vyenyewe, lile tatizo lililoiandama Switch ya kwanza hadi rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020: vijiti vya Joy-Con 2 vimeundwa upya, lakini kampuni imethibitisha kwamba havitumii vihisi vya sumaku visivyosuguana. Ningependa viwe hivyo. Ni sehemu ndogo ambayo ingewatuliza watu wengi.

Mpaka hapa mtu angedhani nakushauri ubaki na ya zamani. Lakini washa gemu.

Kwanza zile ulizonazo. Switch 2 inacheza karibu gemu zote za Switch, na nyingi zinafunguka upya. Pokémon Scarlet na Violet zilikuwa zikikwama kwa namna iliyowaudhi hata mashabiki wao. Kwenye Switch 2, baada ya sasisho la bure, zinateleza. Tears of the Kingdom, gemu ya Zelda ambayo kwenye Switch ilijitahidi kushika fremu 30 kwa sekunde, inakwenda 60 ukilipia toleo jipya. Ukiwa na rafu nzima ya gemu za Switch, hiyo pekee ni sababu ya kuhama.

Kisha mpya. Mario Kart World inawaweka madereva 24 barabarani kwa wakati mmoja, na njia za mashindano zimeunganishwa kuwa nchi moja unayoweza kuizunguka upendavyo. Nzuri, ingawa kwangu nchi yenyewe ina utupu hapa na pale. Iliyonimaliza ni Donkey Kong Bananza ya Julai 2025, kutoka kwa timu iliyotengeneza Super Mario Odyssey. Unapiga ukuta, ukuta unabomoka. Unapiga sakafu, unaingia chini ya sakafu. Karibu kila kitu kinachimbika, kinang'oka, kinarushwa, na gemu haikukatazi hata ukiiharibu njia waliyoitarajia uifuate. Nilipitisha jioni nzima nikichimba mlima mmoja bila sababu yoyote. Kuuhesabu mlima punje kwa punje namna hiyo, Switch ya kwanza isingeweza, kwa hiyo nguvu mpya imetumika kuzaa mchezo mpya. Hapo niliacha kuwa na wasiwasi juu ya tembo.

Na lile jina? Katika Tears of the Kingdom ya mwaka 2023, uwezo wa kuinua vitu na kuvigandisha unaitwa Ultrahand, kama ule mkono wa Yokoi wa mwaka 1966. Unachukua gogo, gurudumu, feni, unaviunganisha, na mashine uliyoibuni mwenyewe inaondoka. Watu wamejenga ndege, mikokoteni, hata majitu ya kutembea. Yote hayo yalipita kwenye chipu ambayo muundo wake ulitangazwa mwaka 2015. Teknolojia iliyozoeleka, imepelekwa mahali pasipofikiriwa. Anayesema Nintendo imeishiwa ubunifu anatazama plastiki ya nje, na gemu hiyo inachezeka hata kwenye Switch ya zamani kabisa.

Steam Deck: mashine iliyochukua wazo

Kama unachotaka ni kifaa kinachokupa uhuru, mshindani wa kweli si Sony na PlayStation yake. Ni Valve, wenye duka la gemu za kompyuta liitwalo Steam. Steam Deck ilitoka Februari 2022, ya OLED ikafuata Novemba 2023 ikiwa na kioo cha inchi 7.4. Ni kompyuta kamili iliyovaa umbo la Switch. Ndani yake mna mfumo wa Linux badala ya Windows, na safu ya programu iitwayo Proton inazifanya gemu zilizoandikwa kwa Windows zidhani ziko nyumbani. Hiyo kwangu ni moja ya kazi za kiufundi za kusisimua zaidi za miaka hii, na imefanywa na kampuni iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa duka lake kuliko kwa mashine.

Ukiweka mbili hizi mezani, tofauti unaihisi kabla ya kuziwasha. Deck ni pana na nzito, kama gramu 640, wakati Switch 2 na Joy-Con zake ni kama 534. Deck ina pedi mbili za kugusa zinazofanya kazi ya kipanya popote ulipo, bila kutafuta meza. Unaweza kubadilisha kila kitufe, kushusha nguvu ili betri idumu, kuifungua kwa bisibisi na kubadilisha diski. Gemu za Steam hushushwa bei mara kwa mara na kwa kiasi kikubwa. Za Nintendo yenyewe hushuka kwa nadra na kidogo.

Gharama yake ni muda wako. Kuna gemu zinazokataa kabisa kwa sababu ya mifumo ya kuzuia udanganyifu. Fortnite, kwa mfano, haiingii kwenye SteamOS, mfumo huo wa Deck, lakini iko Switch 2. Kuna nyingine utalazimika kuzirekebisha kabla hazijatulia. Anayependa kufungua mitambo atafurahi. Anayetaka kumkabidhi mtoto wa miaka saba na kwenda jikoni, asiichukue. Na hakuna Joy-Con ya kumchomolea mwenzako. Deck ni mashine ya mtu mmoja, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye Switch kila wageni wanapokuja.

PlayStation 5, kwa ufupi

Kwa picha na sauti kwenye TV kubwa, PS5 ya Novemba 2020 bado iko mbele ya Switch 2, na PS5 Pro ya mwaka 2024 zaidi. Hilo halina mjadala. Kinachostahili kutajwa kwenye swali letu la ubunifu ni pedi yake, DualSense. Vifyatuo vyake hukaza kidole chako unapovuta upinde, na mtikisiko wake hutofautisha mchanga na vioo. Ni wazo ambalo ungetarajia lije kutoka Kyoto. Astro Bot, iliyotwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2024, imeitumia pedi hiyo kwa furaha tele, na anayependa Mario ataipenda siku ya kwanza. Shida ni kwamba baada yake gemu nyingi huitumia pedi hiyo kidogo tu. Zaidi ya hapo, PS5 inakaa kwenye TV. Mimi hucheza zaidi usiku, wakati TV ina wenyewe, na hapo mashine kubwa inabaki pambo.

Xbox sijaiweka kwenye mizani hii. Nguvu yake iko kwenye usajili wa Game Pass, na gemu zake nyingi sasa zinapatikana kwenye kompyuta na hata PlayStation.

Nani achukue ipi

Kama una Switch ya OLED na unacheza gemu mbilitatu kwa mwaka, usihame kwa sababu ya tangazo. Gemu nzuri za kizazi hicho ni nyingi kuliko utakavyoweza kuzimaliza, na kioo chako bado kizuri. Hama pale utakapoitamani gemu moja mahususi ambayo haipo kwako. Kwa wengi nadhani itakuwa Bananza.

Kama una Switch ya kwanza kabisa, betri imechoka na vijiti vimelegea, nenda moja kwa moja Switch 2, usipitie OLED. Tofauti ni kubwa na karibu gemu zako zote zinakufuata.

Kama hujawahi kuwa na Nintendo na unanunulia nyumba yenye watoto na watu wazima, Switch 2 tena, bila kusita. Kama fedha ni finyu, Switch Lite au Switch iliyotumika, ukikumbuka kwamba Lite haichomekwi kwenye TV na pedi zake hazichomoki. Usisubiri sana bei ishuke. Zamani konsoli ilikuwa ikizeeka na kupungua bei. Agosti 2025 Nintendo ilipandisha bei ya Switch ya kwanza nchini Marekani, na mwezi huohuo Sony ikafanya hivyo kwa PS5.

Kama una maktaba ya Steam tayari, na unacheza peke yako, Steam Deck ya OLED. Switch 2 itakuwa ya pili. Kama TV yako ni kubwa na unataka hadithi zenye picha za kukata pumzi, PS5, na uanze na Astro Bot.

Kama bado unasitasita, azima Switch yoyote kwa jioni moja, hata iliyochakaa. Weka Tears of the Kingdom, ufike kile kisiwa cha mwanzo kilicho angani. Utapewa Ultrahand, utakuta mbao na matanga kando ya maji, na utaambiwa uvuke. Tazama saa kabla hujaanza. Ukistuka saa mbili zimepita na bado unajenga chombo cha tatu kwa sababu cha pili kilizama vizuri mno, umeshajua la kununua.